Kumbukumbu ya 1896: msianze na dakika

Mhariri, asalaam alaykum.

Wiki iliyopita mliuliza: kama Zanzibar itajenga kumbukumbu ya waliokufa tarehe 27 Agosti 1896, siku manowari za Kiingereza zilipolipiga mizinga kasri la Mfalme hapa Unguja, iwe na sura gani na ikae wapi, Forodhani au kwengineko? Nimeona majibu ya mwanzo yamekuja kwa ukali. Langu ni refu, mnistahamilie. Kazi yangu ni kutembeza wageni Mji Mkongwe, huu mwaka wa 22, na vita vile nimevisimulia mara nyingi kuliko nilivyowasimulia wanangu visa vya Abunuwasi.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Aliyenifundisha kazi alinambia hivi: ukifika mbele ya Beit al-Ajaib, lile jumba kubwa la Mfalme ufukweni, simama, ngoja wageni wakusanyike, kisha sema kuwa hapa palipiganwa vita vifupi kuliko vyote duniani, dakika 38. Halafu nyamaza. Watacheka. Na kweli, wanacheka. Mmoja hutazama saa yake, mwengine humwambia mkewe kuwa wao asubuhi wamegombana muda mrefu zaidi. Nami nikicheka nao, maana mgeni aliyecheka bakhshishi yake huwa nzuri.

Kilichonikata kicheko ni tarehe 25 Disemba 2020. Siku ile sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib iliporomoka pamoja na mnara wake wa saa, na watu wawili waliokuwa kazini humo wakafa chini ya kifusi. Jengo lile kuanguka halikuchukua hata dakika moja. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyesimama pale baadaye akawaambia wageni kuwa wanaona poromoko fupi kuliko yote. Lingekuwa tusi. Basi nikajiuliza, mbona wale wa 1896 tunawatukana kila siku, tena kwa mshahara?

Hilo ndilo jibu langu hasa, mengine ni maelezo yake. Popote itakapokaa na kwa umbo lolote, kumbukumbu hiyo isianze na dakika. Maneno ya mwanzo kwenye jiwe yakiwa "vita vifupi kuliko vyote", msijenge kitu.

Naijua nguvu ya umbo kwa sababu naishuhudia miguuni pa watu. Njia yangu ya kila siku inapita Mkunazini, kwenye Kanisa la Anglikana lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa. Uani mwake kuna kumbukumbu ya watumwa iliyochongwa na Clara Sörnäs wa Sweden, ikawekwa mwaka 1998: watu watano ndani ya shimo, chini ya usawa wa ardhi, na minyororo shingoni. Huwezi kuwatazama bila ya kuinamisha kichwa. Wageni wale wale waliokuwa wakipigana picha njia nzima, wakifika pale husita. Wengine huvua kofia bila ya kuambiwa. Kisha tunatembea mwendo wa dakika kumi hivi mpaka pwani, nawaambia habari ya 1896, na wanacheka. Wageni ni hao hao na anayesimulia ni mie yule yule. Kilichobadilika ni kuwa pale kuna shimo, na huku kuna sentensi ya kuchekesha.

Sasa nikuelezeni mzozo wa barazani kwetu Malindi, maana swali lenu nililisoma kwa sauti baada ya laasiri na mpaka magharibi kahawa ilikuwa imepoa.

Kijana mmoja, anafanya kazi katika kampuni ya utalii, alitaka chemchemi ya maji yenye taa pale Forodhani, iwake kila usiku kwa dakika 38 kamili kisha izime. Kasema itapendeza kwenye simu. Sikumjibu, nilimwachia babu mmoja akamjibu kwa niaba yangu, na maneno aliyotumia gazeti lenu haliwezi kuyachapa.

Maalim wetu hataki sanamu ya mtu. Kasema Mkunazini ni uani mwa kanisa na wenyewe wana hiari yao, lakini sanamu za watu mbele ya kasri, katika mji ambao adhana inasikika kila kona, zitaleta fitina ya bure na waliokufa ndio watakaosahauliwa katikati ya fitina hiyo. Mie nakubaliana naye, ingawa kwa sababu nyengine: sanamu humtaka mtu mmoja, na atakayechongwa atakuwa Sayyid Khalid, aliyekikalia kiti cha ufalme siku zile.

Hapo ndipo ami yangu, mstaafu wa bandarini, alipouliza swali gumu la jioni ile. "Mnataka kumjengea nani? Wale walikuwa wakimtetea Sultani. Sisi tumeshajenga mnara wetu Michenzani, wa miaka 50 ya Mapinduzi. Hatuwezi kupindua ufalme huku na kuujengea mnara kule." Watu wakanyamaza, maana lina uzito.

Jibu langu kwake lilikuwa: ami, tazama waliokuwamo ndani. Mfalme, Sayyid Hamad bin Thuwaini, alifariki tarehe 25 Agosti. Khalid bin Barghash akaingia kasrini siku ile ile bila ya ridhaa ya Waingereza, ambao walikuwa na mtu wao, Hamoud bin Mohammed. Siku mbili baadaye, kasri lilikuwa na watu kiasi 2,800. Wengi walikuwa raia wa kawaida waliopewa silaha, pamoja na walinzi wa kasri, watumishi na watumwa kwa mamia. Nje, upande wa Waingereza, chini ya Mwingereza Lloyd Mathews, walikuwapo askari wa Kizanzibari wapatao 900. Kwa hiyo Wazanzibari walikuwa ng'ambo zote mbili za bunduki. Khalid mwenyewe hakufa. Alikimbilia ubalozi wa Wajerumani, akavushwa Dar es Salaam, Waingereza wakamkamata 1916, wakampeleka uhamishoni, na mwisho akafia Mombasa 1927. Aliyekufa ni mtu wa jikoni, mchota maji, mtumwa aliyepewa bunduki asiyoijua. Na amri ya kuondoa utumwa ilitoka Aprili 1897. Miezi saba tu baadaye! Mtu huyo kumwita mtetezi wa ufalme ni kumdhulumu mara ya pili.

Ami akanywa kahawa yake ya baridi. Hakukubali, lakini hakurudia.

Tukio lenyewe, kwa wasiolijua: muhula Waingereza waliompa Khalid atoke kasrini uliisha saa tatu asubuhi, na saa tatu na dakika mbili mizinga ikaanza. Manowari zilikuwa tano, St George, Philomel, Thrush, Racoon na Sparrow, chini ya Harry Rawson. Zilirusha makombora kiasi 500 kwenye majengo ambayo ndani yake mbao zilikuwa nyingi kuliko mawe, na wengi waliokufa waliuliwa na moto. Waliokufa na kujeruhiwa upande wa kasri walifika kiasi 500. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja, naye akapona. Kisha waliokuwa upande wa Khalid wakatozwa gharama za makombora waliyopigwa nayo! Hili la mwisho nikiwaambia wageni hawacheki, na ndiyo sababu nimeanza kulitanguliza.

Nije kwenye mahali.

Forodhani hapana. Napapenda, wallahi, pweza wangu nala pale na wajukuu hunywa juisi ya miwa pale. Lakini bustani ile ilishafanywa kumbukumbu ya mambo mengine, iliitwa Jubilee kwa ajili ya miaka 25 ya enzi ya Sayyid Khalifa mwaka 1936, na leo ni sebule ya mji mzima. Vijana wa makachu wanajirusha baharini, moshi wa mishikaki unapanda, watoto wanakimbizana. Ukiweka pale jiwe la maiti, moja kati ya mawili: ama utaiua furaha ya watu, ama watu watatundika mifuko yao kwenye jiwe. Nawajua watu wangu, watatundika mifuko.

Isitoshe, mnara mrefu ufukweni hautajengeka kirahisi. Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na kila kinachobadilisha sura ya mji unaoonekana kutoka baharini huzua maswali. Mie nasema afadhali.

Kuna waliosema iwekwe Beit el-Amani, Mnazi Mmoja. Hawa wamenifurahisha, maana wengi wetu hatujui kuwa jumba lile lenye kuba, lililochorwa na Sinclair na kukamilika 1925, lilijengwa kuwa kumbukumbu ya amani baada ya Vita Vikuu vya kwanza. Waingereza badala ya mnara walijenga makumbusho, kitu cha kutumika. Wazo zuri, na matokeo yake ni kuwa tulikuwa tukipelekwa na skuli kutazama kobe, tukarudi nyumbani bila ya kujua kuwa tumezuru kumbukumbu ya vita. Kitu kikitumika sana husahauliwa kilijengewa nini.

Dar es Salaam ni mfano wa kinyume chake. Sanamu ya Askari iliwekwa 1927 pale pale iliposimama sanamu ya Mjerumani Wissmann, iliyoondolewa Waingereza walipouchukua mji 1916. Mahali peke yake palitosha kutangaza nani kashinda. Wachukuzi, ambao maandishi yake yanawaita miguu na mikono ya jeshi, wametajwa kwa maneno tu. Aliyechongwa ni askari mwenye bunduki.

Pangu mie ni pale palipobakia patupu. Beit al-Hukm, jumba lililokuwa baina ya Beit al-Ajaib na Beit al-Sahel, lilibomolewa na mizinga ile na halikujengwa tena. Pakapandwa bustani. Wageni hupita wakidhani ni bustani tu. Pengo lile ndilo kumbukumbu ya kweli, limekaa hapo zaidi ya karne na halina hata kibao. Halihitaji kujazwa. Linahitaji ukuta mmoja wa mawe na chokaa, usiofika kifua cha mtu mzima, uende kwa urefu wa jumba lilivyokuwa, na mkabala wake baraza ya kukalia kama zilizopo nje ya nyumba zetu. Anayetaka kusoma Fatiha aketi, anayetaka kupumzisha miguu aketi pia.

Na majina? Hapo ndipo panaponiuma. Kisiwani Chapwani yamo makaburi ya mabaharia wa manowari ya Kiingereza Pegasus, iliyozamishwa na Königsberg ya Wajerumani hapa hapa bandarini tarehe 20 Septemba 1914. Wana kaburi lao, wana jiwe lao. Wageni wa Marekani hunieleza ukuta wao wa vita vya Vietnam kule Washington. Mchoro wake ulishinda mwaka 1981 kati ya michoro 1,421, na aliyeuchora, Maya Lin, alikuwa mwanafunzi wa miaka 21. Wakaupinga mpaka mmoja akauita jeraha jeusi la aibu, na wakubwa wakapatanisha kwa kuongeza sanamu ya askari watatu kando yake 1984. Leo watu wanakwenda ukutani, wanagusa jina la ndugu yao kwa kidole. Majina yamepita 58,000, yamepangwa kwa siku ya kufa, si kwa cheo. Nani atagusa nini kwetu? Katika miaka 22 sijasikia mtu hata mmoja akimtaja aliyekufa kasrini siku ile kwa jina.

Ndiyo maana ukuta wangu ungeachwa mtupu. Uwe laini, tayari kuchongwa, na ukoo wenye jina ulilete. Yakija matatu, yachongwe matatu.

Mvuvi mmoja wa Malindi aliyekuwa akitusikiliza alitoa wazo jengine, na nakiri ni zuri kuliko langu. Meli ya Mfalme, Glasgow, iliyoundwa Uskoti, ilizamishwa asubuhi ile mbele ya kasri. Maji ni haba pale, kwa hiyo milingoti yake mitatu ilibakia juu ya maji mpaka 1912, ilipovunjwa ikauzwa chuma chakavu. Miaka 16 kila aliyeingia bandarini aliiona. "Irejesheni milingoti," kasema. Nikamuuliza majahazi yatapita wapi. Akacheka, kasema nahodha asiyeweza kukwepa milingoti mitatu arudi akalime mihogo. Ningeipigia kura, kama si kuwa mtu hawezi kuiendea kwa miguu na kuketi.

Jioni ile nilimpitia shangazi, katimiza miaka 91, nikamsomea swali lenu. Hajali ukuta wala milingoti. Aliniuliza tu kama vita mnavyovisema ni vile vya bibi yake. Nikamwambia sijui, vipi hivyo vya bibi yake? Akasema bibi alikuwa mtoto, alikatazwa kwenda kuogelea karibu na milingoti, kwa sababu kaka wa mama yake alikuwa jikoni kwa Mfalme na hakurudi. Kisha akalitaja jina, moja tu, bila la baba, kama walivyokuwa wakiitwa watumwa.

Nimeliandika kwenye karatasi. Hapa silitii.