Mlango wa pikapu ukipitisha vumbi, raba iguse mwisho

Ndugu zangu mnaotembea na pikapu huku West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, hasa kuanzia Disemba mpaka Februari murram, ule udongo mwekundu wa barabara, ikiwa imekauka kabisa, naomba tuongee kuhusu milango. Naona watu wengi vumbi likijaa kwenye dashibodi wanasema tu raba imechoka, wananunua mpya, inavalishwa vizuri, na safari inayofuata vumbi liko pale pale. Mimi naendesha Hilux ya zamani, nabeba simsim (ufuta) kutoka vijijini kuleta Arua na mara nyingi watoto wangu wamekaa ndani, vumbi lile linaingia kifuani mwao, kwa hiyo hii kitu siichukulii kirahisi. Na ninachosema ni hiki, kwanza bawaba, alafu loki, raba ije mwisho.

Raba ya mlango haina nguvu ya kunyoosha mlango ulioshuka. Ndani iko wazi kama mrija, kazi yake ni kubanwa kidogo tu kati ya mlango na bodi, na lazima ibanwe sawa pande zote. Mlango ukikaa vibaya kuna sehemu raba inabanwa mpaka inachanika na kuna sehemu haiguswi kabisa, sasa hapo hata ukiweka mpya kutoka kiwandani unaharibu mpya tu.

Bawaba unaipima bila chombo chochote. Fungua mlango, shika ile ncha yake karibu na loki, nyanyua juu, shusha, nyanyua tena, huku mtu mwingine anaangalia bawaba. Mlango ukicheza na bawaba yenyewe imeshika vizuri kwenye bodi, ujue pini na bushi, vile vipete ambamo pini inazunguka, zimelika. Wa dereva ndio unaumia sana kwa sababu pikapu iko juu na kila mtu akipanda anajivuta na mlango, nawaomba muache hiyo tabia, kuna nguzo na kuna kiti, shikeni huko. Kama pini inatoka, fundi wa kukereza chuma anaweza kukutengenezea pini na bushi, kama haitoki tafuta bawaba nzima ya mtumba. Na kabla hujalegeza bolti hata moja, chora mstari na maka kuzunguka bawaba ili ujue ilikaa wapi, alafu weka jeki na gunia chini ya mlango, ni mzito kuliko unavyofikiri.

Loki sasa. Ile chuma ya kwenye nguzo ambayo loki inaiuma, hiyo inasogea. Hapo pia chora alama kwanza, legeza skrubu kidogo tu usizitoe zote, maana kwa magari mengine kile kibati cha nyuma kinadondoka ndani ya nguzo na kukitoa ni taabu kweli. Ukiisukuma ndani kuelekea kabini mlango unabana zaidi, ukiitoa nje unalegea. Sogeza milimita moja, kaza, funga mlango polepole, angalia kama umelala sawa na bodi. Loki ina hatua mbili na lazima usikie zote mbili, mlango ulioshika hatua ya kwanza tu unaweza kufunguka njiani na hapo hatuongei tena habari ya vumbi. Ukiona mpaka uubamize kwa nguvu ndio ufunge, umesogeza sana, rudisha.

Fremu ya kioo nayo watu wanaisahau. Inapinda nje juu pale, na ukikimbia unasikia upepo unapiga filimbi. Panel bita mzuri, yaani fundi wa kunyoosha bodi, anashusha kioo kwanza ndio anairudisha pole pole kwa mikono na kipande cha mbao, akija na nyundo mwambie hapana.

Hayo yakiisha ndio raba. Kata ukanda wa karatasi, ufungie mlangoni, vuta, fanya hivyo kuzunguka mlango wote. Pale inapotoka bila kushikwa ndio panapovuja. Au usiku mtu akae ndani na wewe nje upitishe tochi kwenye kingo zote. Ukiagiza raba Kampala, pale soko la vipuri la Kisekka, kata kipande kidogo cha ile ya zamani mtu aende nacho, kwa sababu raba zinafanana kwa macho lakini ule mdomo unaoshika ukingo wa bodi haulingani. Wakati wa kuvalisha usiivute, ukiivuta itarudi yenyewe baadaye na kona zitabaki wazi, afadhali izidi kidogo uisukumie ndani, na kiungo, pale ncha zake mbili zinapokutana, kikae chini. Isafishe na maji ya sabuni, paka silikoni ya maji maji, lakini oili ya injini na grisi usipake kabisa, zinaifanya raba ivimbe na kulegea.

Alafu kuna jambo la hewa. Ukifungua kioo kidogo ukiwa mwendoni hewa inavutwa nje, na kabini inavuta vumbi kupitia kila kitundu. Funga vioo vyote, weka feni ichukue hewa ya nje, hewa ijae ndani isukume kutoka, vumbi linapata shida kuingia. Ila usimfuate mwenzako kwa karibu, feni itakuletea vumbi lake lote.

Maji ni habari nyingine kidogo. Kama sakafu imelowa na raba ni kavu, toa ile bodi ya ndani ya mlango uangalie karatasi ya plastiki nyuma yake, mara nyingi fundi wa kioo aliichana akaiacha hivyo. Maji ya mvua kawaida yanapita ndani ya mlango kando ya kioo, yanatokea kwenye matundu ya chini, plastiki ndio inazuia yasije kwako. Bandika nyingine. Na yale matundu yapitishe waya kila mvua zikikaribia, tope likiziba maji yanakaa na mlango unaoza kutokea ndani. Ukimkuta mtu anayaziba na silikoni akisema anazuia maji, mkataze hapo hapo.