Maji ya kisima yananuka petroli

Ndugu, umeuliza kama kuchemsha kunatosha, maana kisima chako kiko jirani na kituo cha mafuta na maji yameanza kunuka petroli. Hapana. Acha kuyanywa leo hii. Ukiyachemsha unajaza jikoni mvuke wa benzini, kemikali ya sumu iliyomo kwenye petroli. Na harufu ikiisha usishangilie: kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 za benzini kwa lita, kiasi ambacho pua haikinusi.

Peleka sampuli maabara, kwenye kichupa cha kioo kilichojaa pomoni. Kigeuze juu chini. Ukiona kiputo cha hewa, chota upya, kwani benzini hukimbilia humo. Kiweke kwenye barafu. Mwenye tangi la mafuta la kituo naye achimbe visima vya uchunguzi, visipungue vitatu, ndipo mwelekeo wa maji ardhini ujulikane.