Jibu: Kuwapeleka watoto kwenye Mashindano ya Vilima Vinne

Dada, nimekuelewa: unaishi München, Ujerumani, una watoto wawili wadogo, na hujui muende kutazama kuruka kwa skii (mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji) katika mji upi kati ya minne ya mashindano haya: Oberstdorf, Garmisch-Partenkirchen, Innsbruck au Bischofshofen. Mimi ningekwenda Garmisch. Treni inatoka München moja kwa moja, na shindano la Januari 1 hufanyika mchana.

Ila kwa watoto bora Desemba 31, siku ya mchujo. Msongamano ni mdogo, na warukaji ni wengi zaidi. Kesho yake hubaki 50, wanapambanishwa wawili wawili. Washindi 25 na walioshindwa 5 bora ndio huruka tena. Waeleze wanao mapema, kila mmoja achague wa kumshangilia.

Shida kubwa ni baridi. Mtasimama kwenye theluji saa kadhaa, kwa hiyo viatu viwe na nafasi ya soksi nene za sufu. Vikibana, miguu inaganda upesi. Kidole kikifa ganzi na kuwa cheupe, usikisugue wala usingoje shindano liishe: mpeleke mtoto kwa watu wa huduma ya kwanza hapohapo. Tiketi nunua mapema.