Ngazi ya Pili ya BIM Hainunuliwi Pamoja na Kompyuta

Juma lililopita mhandisi kijana wa hapa Dar es Salaam aliniandikia akiuliza anunue programu ipi ili kampuni yao iweze kutamka kwenye zabuni kwamba imefika ngazi ya pili ya BIM, yaani kusanifu na kuendesha mradi wa ujenzi kwa modeli za kompyuta zenye taarifa za jengo. Namjibu hapa kwa sababu ninyi mnaonisoma mnakitaka anachokitaka yeye: kupewa miradi mikubwa bila kuwa wasindikizaji wa kampuni za nje.

Ngazi hizo zilichorwa Uingereza mwaka 2008 na Mark Bew na Mervyn Richards. Ngazi ya sifuri ni michoro bapa, ambayo kila mtu anaichora kivyake. Ya kwanza inachanganya michoro hiyo na modeli za pande tatu, na taarifa zinaanza kutunzwa kwa utaratibu mmoja. Katika ya pili, mbunifu majengo, mhandisi wa miundo na wahandisi wa mifumo ya jengo wana modeli zao, lakini modeli hizo huunganishwa na kukaguliwa pamoja kupitia faili zinazosomeka na programu nyingi, kama vile IFC. Serikali ya Uingereza iliidai ngazi hiyo katika miradi ya serikali kuu kuanzia Aprili 2016. Ya tatu, ya modeli moja kwa wote, tuiache kwanza.

Mimi nililipwa kuratibu modeli za jengo la ofisi huko Upanga. Kila mshauri alikuwa na modeli ya kupendeza, na mwenye mradi aliamini kwamba tumefika kwa kuwa aliliona jengo lake likizunguka kwenye skrini. Kumbe faili zilikuwa zikitumwa kwa WhatsApp, moja ikiitwa “mwisho”, nyingine “mwisho kabisa”, na mhandisi wa miundo alianzia vipimo vyake mahali tofauti na mbunifu, hata modeli zao zilipokutanishwa nguzo zikasimama nje ya jengo. Nilizisogeza, nikaziunganisha, nikakuta njia ya hewa ya viyoyozi inapenya katikati ya boriti za zege, ghorofa baada ya ghorofa. Nikaandika ripoti. Kiongozi wa timu aliiweka kando mbele ya kikao kizima, akasema mimi ni mchora katuni na kwamba mafundi watajua la kufanya wakifika. Zege likamwagwa, na ndipo ikabidi njia ya hewa itengenezwe upya na dari zishushwe, gharama yake ikaingizwa kwenye hesabu kama mabadiliko ya mteja. Ripoti ile ninayo hadi leo, ina tarehe, na neno lile sijalisahau wala sioni sababu ya kulisahau.

Kwa hiyo, ndugu zangu, anzeni na mkataba. Viwango vya kimataifa vya kusimamia taarifa za ujenzi kwa BIM, ISO 19650, ambavyo sehemu zake mbili za mwanzo zilitolewa mwaka 2018, vinamtaka mteja aeleze taarifa anazozihitaji kabla ya kuteua washauri, na vinataka ijulikane faili ipi bado inafanyiwa kazi, ipi imeshirikishwa wenzako, ipi imeidhinishwa na ipi ni ya kumbukumbu. Kwetu jambo hili lina uzito zaidi, maana wabunifu na wakadiriaji majenzi wana bodi yao, wahandisi yao na makandarasi yao, na kila mmoja amezoea kujibu kwa mchoro wake tu. Mkataba usiposema nani anajibu pale modeli mbili zinapogongana, hakuna atakayejibu. Narudia: andikeni kwenye mkataba. Kubalianeni pia nukta moja ya kuanzia vipimo na namna moja ya kuyaita mafaili, na muwe na ujasiri wa kumrudishia mwenzenu faili isiyofuata utaratibu, awe mkubwa kiasi gani. Tumekuwa watu wa kuheshimu vyeo kuliko vipimo, na tabia hiyo haitibiwi na leseni ya programu yoyote.

Mkadiriaji majenzi naye aitwe mapema, kwa kuwa wengi wao bado wanapima kwenye karatasi zilizochapwa huku modeli yenye vipimo vyote ipo. Ada ya mratibu wa modeli iwe mstari wake peke yake katika makadirio, kabla mradi haujaanza. Mwenye mradi akidai kwamba kazi hiyo mbunifu ataifanya bure, mwombe mkadiriaji ampigie hesabu ya kubomoa na kujenga upya dari za ghorofa moja.