Wateja wa simu wanapata 403: safisha orodha ya IP

Ndugu, kama wateja wako wa Kisumu wanapata 403 (ujumbe wa seva kuwa hawaruhusiwi kuingia) kwenye data za simu lakini kwa waifai wanaingia, shuku kwanza mistari ya zamani ya "deny" (inayozuia anwani za IP) kwenye Nginx, programu ya seva ya tovuti yako. Mitandao ya simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IP. Msumbufu uliyemzuia zamani alishahama anwani hiyo. Anayefungiwa leo ni mnunuzi.

Nakili faili yenye mistari hiyo, kisha anza na masafa mapana: /16 moja (kundi la anwani zenye mwanzo mmoja) hufunga anwani 65,536! Tafuta kila anwani kwenye logi (kumbukumbu za maombi yanayofika kwenye seva). Isiyoonekana, futa. Inayogonga wp-login.php (ukurasa wa kuingia wa WordPress) mfululizo, iache. Inayoomba kurasa za bidhaa, ifungulie. Kagua pia vichujio vya majina ya boti, kwani neno "bot" peke yake humzuia hata Googlebot, boti ya Google inayosoma tovuti kwa ajili ya utafutaji.

Endesha nginx -t (amri ya kujaribu kama mipangilio iko sawa) kabla ya kupakia upya, na kila zuio unalobakiza liandikie tarehe na sababu.