Kabla ya kuuliza dau, uliza gari la wagonjwa

Wadogo zangu mnaoingia kwenye ngumi za kulipwa, na nyie vijana mnaoanza kusimama kona kumhudumia bondia, swali la kwanza ninalowasikia mkimuuliza promota ni dau. Ni swali halali, mtu anapigana apate kula. Lakini miaka niliyokaa kona imenifundisha kutanguliza mengine: pambano linasimamiwa na nani, daktari ni nani, gari la wagonjwa litaegeshwa wapi. Promota anayebabaika hapo, hata dau lake msiliamini.

Kwetu Tanzania ngumi za kulipwa ziko chini ya kamisheni yake, TPBRC, nayo iko chini ya Baraza la Michezo la Taifa, BMT, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Wakongwe tunakumbuka enzi za vyama vilivyogombea kuusimamia mchezo huu; ukikorofishana na hiki, kile kinakupokea. Kwa promota ulikuwa uhuru, kwa bondia ilikuwa hatari, maana aliyezuiwa kupigana huku kwa sababu za afya angeweza kupanda ulingoni kule. Kwa hiyo kibali, leseni na vipimo visiwaudhi mkaviona usumbufu wa ofisini. Mkisikia pambano limepangwa kimyakimya, halina kibali, kaeni mbali nalo. Likitokea la kutokea hamtakuwa na wa kumdai.

Nitakaa kidogo kwenye suala la daktari, kwa sababu hapo ndipo watu wanapokufa. Tarehe 21 Septemba 1991, London, Michael Watson alipigana na Chris Eubank. Raundi ya 11 Watson alimwangusha Eubank. Eubank akainuka, na kabla raundi haijaisha akamtwanga Watson ngumi ya kutoka chini. Raundi ya 12 refa akasimamisha pambano, na muda mfupi baadaye Watson akaanguka. Dakika kadhaa zilipita madaktari hawajamfikia. Alikaa siku 40 katika koma, akafanyiwa upasuaji wa ubongo mara sita, akaishi na ulemavu.

Watson aliishtaki Bodi ya Ngumi ya Uingereza. Bodi ile haikuwa hata ofisi ya serikali, ni chombo binafsi, na ilijitetea kwamba haikuwa na wajibu wa kumhakikishia matibabu ya haraka ulingoni. Mahakama, na baadaye Mahakama ya Rufaa, zikaikatalia. Hoja ilikuwa kwamba bondia anapanda ulingoni akitegemea kanuni za msimamizi wake, hivyo msimamizi ana wajibu wa kuhakikisha vifaa na wataalamu wa kumsaidia kupumua wapo pale pale, si hospitalini. Damu ikivujia ndani ya fuvu, kila dakika ina bei yake. Bodi iliishia kuuza makao yake makuu ya London.

Ndiyo maana siku ya pambano mimi huanzia nje. Naenda kwenye gari la wagonjwa, namsalimia dereva, namuuliza kama ufunguo anao yeye na kama gari limepangiwa sisi tu mpaka pambano la mwisho. Naomba kuoneshwa mtungi wa oksijeni na mshale wake unasoma wapi. Naangalia kama mbele ya gari pameegeshwa magari ya mashabiki, kwa sababu gari lililozibiwa njia ni sawa na halipo. Halafu nauliza hospitali gani ina daktari wa upasuaji wa ubongo zamu ya usiku huo. Wengine hukereka. Waache wakereke. Mwishoni mwa Desemba 2024, hapa hapa Dar es Salaam, Hassan Mgaya alifariki baada ya kupigwa KO, na msiba ule ulitosha kutukumbusha kwamba haya si mambo ya Ulaya pekee.

Kwenye mkataba, someni sheria za wenzetu hata kama haziwahusu, mjue cha kudai. Marekani ina sheria ya usalama wa mabondia ya mwaka 1996: bondia apimwe na daktari athibitishwe kuwa fiti, daktari awepo kando ya ulingo muda wote, pawepo gari la wagonjwa au wahudumu wenye vifaa vya kuokoa maisha, na bondia awe na bima ya matibabu. Mwaka 2000 ikaja ya pili, iliyopewa jina la Muhammad Ali. Hiyo inamlazimu promota amweleze bondia kwamba yeye promota anapata kiasi gani kwenye pambano na anamkata bondia nini, na kwa mapambano makubwa inazuia mtu mmoja kuwa promota na meneja wa bondia yule yule. Huku kwetu utamkuta mtu ni promota, ni meneja, na wakati mwingine ndiye mwenye gym unayolala. Sisemi kila aliye hivyo ni mwizi. Nasema siku umeumia na yeye ameshauza tiketi, hakuna atakayesema kwa niaba yako. Tafuta mtu wa kukusomea mkataba ambaye halipwi na mwenye pambano, na gharama za hospitali ziandikwe humo, atalipa nani na mpaka lini. Ahadi ya mdomo inaishia mlangoni pa wodi.

Nyie wa kona, kazi yenu inaanzia chumba cha kubadilishia nguo. Msimamizi akija kukagua bandeji za mikono na kutia sahihi juu yake, nenda na wewe ukashuhudie za mpinzani zikifungwa. Ni haki yako. Wakati wa pambano msikilize bondia wako anavyojibu. Muulize kitu kidogo, hii raundi ya ngapi. Akikawia au akijibu kisichoeleweka, usihesabu pointi tena. Mwaka 2022, Durban, Simiso Buthelezi alikuwa anaelekea kushinda raundi ya mwisho, ghafla akageukia upande ambao hapakuwa na mtu na kuanza kurusha ngumi hewani. Refa alisimamisha. Siku mbili baadaye Simiso alifariki. Taulo la kusimamisha pambano liko mkononi mwako, na mashabiki watakaozomea hawatakwenda nawe kwa mama yake.

Pambano likiisha, hatari bado ipo. Novemba 2013, New York, Magomed Abdusalamov alimaliza raundi zote 10 dhidi ya Mike Perez akapoteza kwa pointi, akatoka kwa miguu yake. Alikwenda hospitali kwa teksi. Huko wakakuta damu kwenye ubongo. Amebaki na ulemavu mkubwa, na mwaka 2017 jimbo la New York likakubali kuilipa familia yake dola milioni 22. Pambano lile lilisimamiwa na kamisheni ya serikali, yenye madaktari na fedha, na bado alipanda teksi.

Kwa hiyo bondia aliyepigana asilale peke yake usiku ule. Alale na mtu mzima asiyekunywa pombe, mwenye namba ya daktari wa pambano kwenye simu. Kichwa kikiuma na kuzidi, akitapika, akiongea ovyo, mboni ya jicho moja ikiwa kubwa kuliko ya pili, au usingizi ukiwa wa kuamshwa kwa shida, ni hospitali muda huo huo. Si dawa ya maumivu, si kesho asubuhi.

Na ukipigwa KO, kamisheni itakusimamisha kwa muda. Siku hizo zikae, hata sparingi, yaani mazoezi ya kupigana na mwenzako, usifanye. Ndani ya muda huo atakupigia wakala mwenye pambano nje ya nchi, taarifa ya wiki moja, tiketi ya ndege iko tayari, anatafuta mtu wa kumpa bingwa wao ushindi. Mpigie simu msimamizi wako kabla hujamjibu, na kama kibali cha kusafiri hakitoki, pasipoti ibaki kabatini mpaka siku zako ziishe na daktari akupime upya.