Mzee anasikia sauti, maneno hayapati

Swali: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 61, na kwa muda mrefu amefanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga hapa Ifakara. Ukimwita anaitika, ila ukimwambia hili anajibu lile. Wajukuu wakiongea ndiyo haambulii kitu. Usiku masikio yanamlia "nziii". Wengine nyumbani wanasema ni ukaidi, na jirani anashauri tumtie mafuta ya moto yenye kitunguu saumu. Je, kuna dawa? Na vikuza sauti vinavyouzwa mitandaoni vinafaa?

Jibu: Marahaba dada. Mafuta hayo msimtie. Yanaweza kumuunguza, na kama kiwambo cha sikio kimetoboka yatapenya hadi ndani. Neno ukaidi nalo liachwe, kwa sababu hali uliyoieleza ndiyo hasa ya sikio lililochoshwa na kelele.

Kelele za miaka mingi huanza kuharibu usikivu wa sauti nyembamba; kwenye kipimo tunaona mshuko karibu na hezi 4,000 (hezi ni kipimo cha wembamba wa sauti). Irabu ni nene na zina nguvu, kwa hiyo mzee anazipata. Konsonanti kama s, f na t ni nyembamba tena hafifu, ndizo zinazomponyoka. Anajua umesema kitu, ila "fagia" na "sagia" kwake ni mamoja. Sauti za wajukuu ni nyembamba zaidi, basi hao ndio asiowaelewa kabisa. Mkimpigia kelele mnakuza irabu tu, naye anahisi anafokewa. Kaeni mbele yake penye mwanga, semeni taratibu, na asipoelewa badilisheni maneno badala ya kurudia yaleyale.

Dawa inategemea tatizo liko wapi. Kwanza sikio limulikwe na mtaalamu. Huenda kuna nta iliyoganda, na hiyo ikitolewa mtu husikia vizuri siku hiyohiyo (vijiti vya pamba huisukuma ndani zaidi, viacheni). Usaha hutibika, na kiwambo kilichotoboka mara nyingi huzibwa kwa upasuaji. Lakini seli za kusikia zilizo ndani kabisa, takriban 15,000 kwa kila sikio, zikifa hazioti tena. Hakuna kidonge wala sindano ya kuzirudisha, na inaniuma kuona familia zikimaliza akiba kwa dawa za "kufungua neva".

Hapo msaada ni kifaa cha kusikia kinachopangwa kufuata kipimo chake, yaani kinyanyue zaidi zile sauti nyembamba alizopoteza. Vile vya mitandaoni vingi hukuza kila kitu, kelele zikiwemo, ndiyo maana wazee huvitupa kabatini. Kama masikio yote mawili yameathirika, apate viwili iwezekanapo. Aanze kwa saa chache nyumbani penye utulivu. Ubongo huchukua wiki kadhaa kuzoea, na wengi hukata tamaa siku za mwanzo tu. Ulizeni mapema betri zinapatikana wapi, maana zile ndogo huisha kwa wiki moja au mbili. Ule mlio nao mara nyingi hupungua anapoanza kusikia vizuri.

Mkienda kliniki ya masikio, pua na koo, mweleze daktari kama ana kisukari au presha, na kama aliwahi kuchomwa gentamaisini (dawa ya kuua bakteria) au sindano za kifua kikuu. Baadhi ya dawa hizo huua seli zilezile.

Kama bado anakwenda mashineni, avae vizibo vya masikio; pamba ya kawaida haizuii vya kutosha. Desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 85 kwa saa 8 ndiyo kiwango cha juu kinachopendekezwa, na kila zikiongezeka 3 muda hupungua nusu: kwa 88 ni saa 4. Bila kipimo, ukilazimika kupaza sauti kwa mtu aliye umbali wa mkono, kelele imezidi.

Sikio likiacha kusikia ghafla, iwe papo hapo au ndani ya siku tatu, msisubiri miadi. Aende hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa dawa ya kulinusuru hufaa zaidi ikianza mapema.